Asiyeitika Hayupo

Napenda kuujulisha umma, kabla wenye wivu hawajanitangulia, kwamba halmashauri yetu iliwahi kuwa ya kwanza kumaliza kabisa uziwi kwa watoto wa umri wa kwenda shule. Hatukutumia dawa. Hatukumpasua mtu sikio. Tulitumia spika mbili, jenereta moja na utaratibu.

Jina la halmashauri silitaji kwa sababu ya unyenyekevu. Itoshe kusema kwamba ukitoka Mbinga mjini ukashuka na milima ya kahawa kuelekea ziwani, mahali utakapokuta bango kubwa linalokataza kila kitu, umefika. Mimi ni Ladislaus Kinunda, Kaimu Mratibu wa Utambuzi wa Mahitaji Maalumu. Hilo neno Kaimu lisikusumbue. Nimekaimu miaka mingi kwa ufanisi mkubwa, na wakati wa mambo haya nilikuwa nimeahidiwa kuthibitishwa.

Jambo lilianza na darasa. Wananchi walilijenga wenyewe kwa ajili ya watoto viziwi. Wakulima wa kahawa walifyatua matofali, akina mama wa parokia wakabeba mchanga na maji, na mzee Bakili mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatoa bati zote bila kuombwa mara mbili. Serikali nayo ikatuletea mwalimu, kijana anayeitwa Abdulazizi, aliyesomea lugha ya alama. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa watoto. Watoto walikuwepo vijijini, nasikia, lakini walikuwa hawajatambuliwa, na mtoto ambaye hajatambuliwa, kiutaratibu, hajazaliwa vizuri.

Basi ikaundwa Kamati ya Utambuzi, nami nikawa mwenyekiti. Kamati haiwezi kutambua watu ikiwa imesimama. Darasa lilikuwa tupu, tukaingia humo kwa muda. Tukaweka makochi, kapeti, birika la umeme, na pazia zito, maana jua la asubuhi lilikuwa halina adabu. Madawati tuliyatoa nje upenuni, ambako mbuzi wa mlinzi waliyapokea vizuri. Mwalimu Abdulazizi, ili asikae bure akila mshahara wa serikali, tulimpa kazi ya kubeba spika.

Mwongozo wa Utambuzi niliuandika mwenyewe, siku moja ya Ijumaa, kati ya chai na kufunga ofisi. Najivunia wepesi wake. Mtoto ataitwa jina lake kamili kwa kipaza sauti, mara tatu, hadharani. Akiitika, anasikia, kwa hiyo hana haja ya darasa. Asipoitika, hayupo, na mtu asiyekuwepo hawezi kupewa nafasi. Mzazi haruhusiwi kumwitikia mtoto, kwa kuwa huo ni udanganyifu. Aliyezidi miaka kumi na moja asiandikishwe tena, kwa kuwa atakuwa ameshazoea.

Tulipousoma kwenye kikao, wajumbe walipiga makofi. Mwalimu peke yake alinyoosha mkono.

"Samahani mkuu. Mtoto kiziwi ataitikaje?"

"Swali zuri sana, Mwalimu," nikamjibu. "Ndiyo maana tumenunua spika kubwa."

"Mkuu, hata zingekuwa kubwa kama kanisa..."

"Usikate tamaa mapema, Mwalimu. Wewe bado kijana."

Nikaandika kwamba hoja imejibiwa.

Tukaingia barabarani. Siwezi kusimulia vijiji vyote, ila niseme kazi ilifanyika. Kila tulipofika, Mwalimu alishusha spika, nami nikasimama katikati yake, moja huku, moja huku, kwa sababu kiongozi hakai mbali na vyombo vyake. Sauti ilikuwa sauti! Kuku walihama. Mzee mmoja aliyekuwa kitandani tangu Kwaresima aliinuka akakimbia hadi mtoni, nasi tukamweka kwenye taarifa, chini ya kichwa cha Mafanikio ya Ziada. Watoto waliosikia wakaitika, tukawapongeza. Wasioitika tukaandika hawakufika. Katika ziara nzima hatukumpata kiziwi hata mmoja.

Jambo moja tu lilinisikitisha katika safari ile. Niliona nidhamu ya kuzungumza ikishuka siku hadi siku. Watu walianza kunong'ona. Kwanza wanavijiji, nikadhani ni heshima. Kisha wajumbe wangu wenyewe. Nikirudi nyumbani, mke wangu Ottilia naye alikuwa akinong'ona mezani, tena ananitolea macho, kana kwamba mwenye kosa ni mimi. Redio ikaisha nguvu, nikanunua betri mpya, ikaisha nguvu tena. Hata malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, ambayo kwa miaka yalitikisa vikombe kabatini kwangu, sasa yalipita kimya kabisa. Nikawaandikia madereva barua ya pongezi. Hawakujibu, lakini wema hauozi.

Ndipo tukafika Chinungu.

Chinungu ni kijiji cha pwani ya Ziwa Nyasa, kina mchanga mwingi, chanja za kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hilo, na tabia mbaya ya watu kupunga mikono. Niliiona tabia hiyo mara moja. Mitumbwi ikiwa bado mbali ziwani na mawimbi yakipiga, akina mama husimama ufukweni na kuanza kurusha mikono hewani. Mvuvi naye hurusha ya kwake. Mwalimu aliniambia kwamba wanauliziana usipa ni vikapu vingapi, au ni samaki mbasa, na bei ya kuanzia, kwa kuwa katika upepo ule sauti haifiki. Nikamwambia sauti ya watu wasio na spika haiwezi kufika popote.

Katikati ya akina mama wale alikuwepo msichana mwembamba, mikono yake ikienda haraka kuliko ya wote. Mtumbwi ulipokaribia, aligeuka akamwonyesha mama yake vidole, na mama akanunua kabla wengine hawajafungua kanga zao. Mama huyo anaitwa Hildegardi. Msichana ni binti yake, Tadea. Alikuwa ametimiza miaka kumi na moja, na Krismasi ingemkuta ana kumi na mbili.

Nikapanda kwenye sanduku la jenereta. "TADEA HAULE!"

Ng'ombe walisimama. Tadea alikuwa ametupa mgongo, anaangalia ziwa.

"TADEA HAULE!"

"Yupo hapa, Bwana Afisa!" mama yake akasema. "Huyu hapa, nimemshika mkono!"

"Mama, naomba utulivu. Hatukukuita wewe. TADEA HAULE! Mara ya tatu na ya mwisho."

Kimya. Nikaandika hayupo.

Hildegardi akasogea mbele. Alinuka usipa na alikuwa na adabu. "Shikamoo, mkuu."

"Marahaba."

"Mkuu, mtoto huyu mnamwona?"

"Namwona vizuri."

"Sasa hayupo vipi?"

"Kuonekana ni suala la macho, mama. Kamati hii inashughulikia masikio."

Nikaita jina linalofuata, lakini yule mama alikuwa mbishi. Akamfinya binti yake mkononi. Tadea akashtuka, akatuona, akanyoosha mkono juu kabisa kama watoto wanavyofanya darasani. Nadhani mama yake alikuwa amemfundisha nyumbani. Alikuwa akitabasamu, na mkono aliunyoosha mpaka akasimama kwa vidole vya miguu.

"Ameitika!" nikatangaza. "Hongera mama, mtoto wako anasikia."

"Nimemfinya, mkuu! Nimemfinya, watu wote wameona!"

"Mtoto anayefinywa akasimama ana ushirikiano mzuri na jamii. Mwalimu, rekebisha hapo."

Hivyo ndivyo Tadea alivyoingia kwenye kumbukumbu zetu mara mbili, kwanza kama hayupo, kisha kama anasikia. Mifumo mingine duniani haina uwezo huo. Mkono wake ulibaki juu mpaka tulipomaliza kufunga spika. Mwalimu ndiye aliyekwenda kuushusha, akamwambia kitu kwa vidole, na msichana akamkodolea macho kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. Nilimkaripia Mwalimu kwa kuchelewesha gari.

Nilidhani yameisha. Kumbe mama wa Kinyasa akishika jambo hushika. Wiki iliyofuata alipanda juu ya lori la mahindi lililotoka Tingi, akashuka ofisini kwangu na binti yake, mchanga wa ziwa ukiwa bado kwenye ndala zao. Nilikuwa kwenye kochi nikisoma rasimu ya hotuba yangu. Tadea alitazama ubao ukutani, ambao tulikuwa bado hatujaung'oa, akausogelea, akaupapasa.

Hildegardi alianza kunong'ona. Ikabidi nimwambie apaze sauti. Akapaza. Nikamwambia apaze zaidi. Mwishowe alikuwa akipiga kelele kama anaita mtumbwi, nami nikamsikia vizuri na kumsifu kwa kujiamini.

"Mkuu, nimesema hivi! Mwanangu ana mikono ya vikapu na bei! Basi! Hana mkono wa kuniambia tumbo linamuuma, au ni kichwa, au kuna mtu kamwogopesha! Juzi kaugua siku mbili. Namshika huku, namshika kule, analia tu, napapasa kama kipofu kwenye nyumba ya watu! Mwalimu anaijua hiyo lugha! Darasa ni hili hapa, mchanga wake nimeubeba mimi, kichwani! Mwaka huu ukipita mnasema kazoea. Kazoea nini, mkuu?"

Nakiri nilitikiswa kidogo. Nikamkaribisha chai. Kisha nikamweleza kwa upole kwamba sikio halizidi kichwa, na kwamba kichwa, yaani Kamati, kimeshaamua.

"Sasa wewe ukikaa hapa," akapiga kelele, "mwanangu akae wapi?"

"Una haki ya kukata rufaa, mama. Haki yako hiyo hatuichezei. Rufaa hupokelewa kwa simu. Mwombaji apige, azungumze mwenyewe, na asikilize maelekezo."

"Mwombaji nani?"

"Si mtoto? Nafasi ni ya nani?"

Tadea alimvuta mama yake kanga, akauliza kitu kwa nyusi. Mama yake hakuwa na maneno mengi ya mikono, kama alivyosema mwenyewe. Akashusha kiganja hewani, polepole, kama mtu anayemtuliza mbwa. Nilimwuliza Mwalimu baadaye ile ilikuwa nini. Akasema kule ufukweni maana yake ni kwamba leo hakuna samaki, rudi kesho.

Wakatoka. Chai hawakuigusa.

Taarifa yetu ilipanda mkoani ikasomwa kwa mshangao. Halmashauri isiyo na kiziwi! Tukaambiwa mgeni rasmi angekuja mwenyewe, Bi Emiliana, mwanamke mwenye cheo kirefu na miwani mifupi, kuongoza sherehe na kunithibitisha mbele ya umma. Mimi nilichagua sherehe ifanyike Chinungu, penye upepo mzuri na mbasa wa kuchoma. Mabango yakaandikwa UZIWI SASA BASI. Akina mama wakacheza ngoma ya kioda. Tadea nilimteua mwenyewe kumvisha mgeni shada la maua, kama kielelezo cha mtoto aliyekuwa akidhaniwa na mama yake kuwa hasikii. Mke wangu Ottilia alivaa kitenge kipya, akakaa mstari wa pili akininong'oneza kwa nyuma. Sikumjali, siku ilikuwa yangu.

Kiti changu nilikiweka pale pale penye haki yangu, katikati ya spika mbili.

Sherehe ilianza vizuri, ila mafundi waliniaibisha. Mara tu mgeni rasmi aliposhika kipaza sauti, spika zilikufa. Midomo yake ilicheza, mikono ikaenda, sauti hakuna. Niliwatazama mafundi kwa hasira, nao wakanionyesha dole gumba. Watu hawakulalamika, wakanifurahisha kwa uvumilivu wao. Walipopiga makofi nilipiga. Walipocheka nilicheka, tena kwa muda mrefu kidogo kuliko wao, ili nionekane nimeelewa zaidi.

Yaliyofuata nayaeleza kama Mwalimu Abdulazizi alivyoniandikia baadaye, akisaidiwa na mke wangu, ambaye hakuficha kitu.

Bi Emiliana alisema, "Sasa namwita mtumishi hodari, Bwana Ladislaus Kinunda, asogee hapa nimthibitishe."

Mimi nilikuwa nikitabasamu kuelekea ziwani.

"Bwana Ladislaus Kinunda!"

Watu wote waligeuka kunitazama. Hapo nakumbuka vizuri. Nyuso zote za Chinungu, na za wageni, zilikuwa juu yangu zikingoja kitu. Nikajua wananisifu. Nikawapungia mkono.

"Ladislaus Kinunda!" mara ya tatu, na wanasema mbuzi waliruka.

Nikaunganisha vidole tumboni, nikangoja niitwe.

Hildegardi akasimama katikati ya wanawake. "Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo. Huyo hayupo."

"Hayupo vipi, mama? Si yule pale? Namwona."

"Hata mimi mwanangu nilimwona, mheshimiwa. Nilikuwa nimemshika mkono. Akaitwa mara tatu, wakaandika hayupo. Asiyeitika hayupo. Ndivyo alivyotufundisha huyo huyo, pale pale, amepanda juu ya sanduku."

"Hayupo!" wakaitikia akina mama wa kioda, na mmoja akapiga kigelegele.

Bi Emiliana hakucheka. Alivua miwani, akaomba asomewe mwongozo wenyewe. Mwalimu Abdulazizi, ambaye alitakiwa kuwa anabeba spika, aliusoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilimwona akisoma. Nikafurahi kwamba kazi yangu inasomwa hadharani, nikainama kidogo kupokea heshima. Wanasema hapo ndipo kijiji kizima kiliposhindwa kujizuia. Mkuki kwa nguruwe, alisema mvuvi mmoja, na wenzake wakamalizia.

"Basi mimi ni mtumishi wa utaratibu," Bi Emiliana akasema. "Bwana Kinunda hayupo. Na asiyekuwepo sina namna ya kumthibitisha. Nafasi yake itangazwe."

Wakati haya yakinipita mbele ya pua, ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameacha kutazama mgeni na kunitazama mimi. Alikuwa Tadea, na shada lake la maua mkononi. Yeye anajua, nadhani, inakuwaje watu wote wanapokugeukia na wewe hujui sababu. Hakuwa akicheka. Alikuja moja kwa moja, akapita mbele ya wakubwa, akanifinya mkono.

Nikaruka. "NAAM!" nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikahisi kitu kikitetemeka kifuani, ila sikukisikia. Nikanyoosha mkono juu kabisa.

"Amefinywa huyo, mheshimiwa!" Hildegardi akapiga kelele. "Wote tumeona!"

Mke wangu alikuja mbele, akachukua kalamu kwenye mfuko wangu wa shati, akaandika kwenye kiganja changu: Spika ni nzima. Ni wewe.

Nilisoma mara ngapi sijui. Nikatazama spika. Kitambaa chake cheusi kilikuwa kikitetemeka.

Daktari alisema, yaani aliandika, kwamba masikio yangu yalikuwa yamepigwa na sauti kubwa siku baada ya siku, kwa karibu, bila kinga. Mwalimu akaongeza chini yake kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Sikuona umuhimu wa nyongeza hiyo kwenye hati ya kitabibu. Hata hivyo ukweli wa kitaalamu unabaki pale pale. Mtu asiyesikia jina lake kwenye spika kubwa kiasi kile ametambuliwa, na mtu wa kwanza kutambuliwa na mfumo wangu nikawa mimi. Waasisi wachache hupata bahati ya kuona matunda ya kazi yao kwa karibu hivyo.

Bi Emiliana alipanda kutoka ziwani siku ile ile akaja kuliona darasa. Alikaa kwenye kochi moja, akainuka haraka. Kabla giza halijaingia makochi yalikuwa nje na madawati ndani, yakinuka mbuzi. Mwalimu aliagizwa arudi vijijini bila spika, akae na watoto, awatazame usoni. Akarudi na darasa zima. Kumbe wote wale walioandikwa hawakufika walikuwa wamefika siku zote.

Mimi nami nilipewa nafasi, dawati la nyuma, karibu na mahali palipokuwa na birika langu. Halmashauri ilisema haiwezi kunihamisha wala kunistaafisha mpaka nijifunze kusaini kwa alama kwamba nimeelewa. Kiti ni kidogo, magoti yananifika kidevuni. Tadea ndiye kiranja. Asubuhi huita majina kwa mkono, akisimama pale ubaoni, na lazima umtazame. Juzi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Alipoinua uso wangu kwa kidole, nilikuta ameshaandika ubaoni kwamba sipo. Nilikuwepo. Nilimweleza kwa ishara zote ninazozijua kwamba nilikuwepo, nimekaa pale pale, dawati lile lile. Darasa zima lilicheka bila sauti, mabega yakiruka. Kisha akafuta.

Mwisho wa muhula Hildegardi alikuja kumchukua binti yake. Tadea alimwendea, akagusa shavu, akafanya alama mbili tatu, taratibu, ili mama ambaye naye anajifunza aweze kufuata. Alikuwa akisema jino linamuuma, la nyuma, upande wa kulia, tangu jana. Mama yake alikaa chini kwenye kapeti langu la zamani akalia, huku anacheka, akimshika lile shavu. Sijawahi kuona mzazi akifurahia jino bovu namna ile. Nikageukia dirishani, kwa kuwa jua la asubuhi, tangu pazia liondolewe, huniumiza macho.

Kuhusu cheo changu, sijakata tamaa. Nimeandika malalamiko marefu kwa Kaimu mpya, mtu mwenye heshima, niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alinijibu kwa ufupi na kwa usahihi: rufaa hupokelewa kwa simu, mwombaji apige, azungumze mwenyewe, na asikilize maelekezo.

Nimepiga. Niliiweka simu sikioni, nikatoa hoja zangu zote kwa sauti ya kutosha, kisha nikasikiliza. Nilisikiliza mpaka mkono ukachoka. Tadea alikuja akasimama mbele yangu, akanitazama, akauliza kwa vidole: wanasemaje?

Nikashusha kiganja hewani, polepole.

Hakuuliza tena. Jibu hilo analijua tangu akiwa mdogo.